Gjuha Ilistahili Dakika Nne

Wimbo wa saba katika Prelude to Ecstasy, Gjuha, ulikatwa ukiwa bado mbichi, na kila nikiisikiliza albamu hiyo ya The Last Dinner Party naudhika upya. Haufiki dakika mbili. Sauti zinapandishwa safu juu ya safu, polepole, hakuna ngoma, Aurora Nishevci anaimba kwa Kialbania, sikio linaanza kuizoea njia ya wimbo, mara wimbo unaofuata, Sinner, unaingia na Gjuha imekwisha. Bendi ambayo haikubana mkono popote pengine, iliyotumwagia filimbi, okestra, solo za gitaa na mavazi ya karne zilizopita, ilipofika kwenye kitu kilicho chao peke yao, ikapunja.

Nisiwazungushe: ule ulikuwa uamuzi mbaya. Katika albamu nzima iliyotoka tarehe 2 Februari 2024 hakuna kosa lingine linaloukaribia. Nao umebeba sahihi za wote waliohusika, watano wa bendi pamoja na prodyuza wao, James Ford, na wote hao ni watu wenye masikio mazuri. Wangekuwa wababaishaji nisingejisumbua.

Mazuri yao nayataja haraka kwa kuwa mmeshayasikia. Caesar on a TV Screen inabadili mwendo njiani bila kupoteza mwelekeo. Filimbi ya Emily Roberts katika Beautiful Boy imepigwa na mtu anayejua wakati wa kunyamaza. Solo lake katika Nothing Matters, ile singo iliyowatambulisha Aprili 2023, halina noti hata moja ya kujionyesha. Abigail Morris anaimba kila neno kana kwamba ndilo la mwisho, na besi ya Georgia Davies inakaa chini yake imara. Ford ameacha ala zipumue. Na wale walionong'ona kwamba hii ni bendi ya kutengenezwa na kampuni walikosa adabu; watu waliopiga Hyde Park Julai 2022 kuwafungulia Rolling Stones, kabla hawajatoa wimbo hata mmoja, walikuwa wameshajulikana kwa jasho lao katika baa za London.

Turudi kwenye wimbo wa saba, tuanze na mahali ulipowekwa, maana hapo hawakukosea hata kidogo. Kabla yake ipo Beautiful Boy, wimbo wa kumwonea wivu kijana ambaye uzuri wake unamfungulia kila mlango. Baada yake ipo Sinner, uliotoka kwa Lizzie Mayland, wimbo wa mtu anayetamani kupendwa bila kuhukumiwa. Katikati amesimama mtu aliyekulia mbali na lugha ya wazazi wake, anayeona aibu kwa kuwa haijui vyema. Wivu, aibu, dhambi, kwa mfuatano huo. Aliyepanga nyimbo hivi alifikiri, na hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Aliona kwamba aibu hiyo inaunganisha nyimbo mbili kubwa za albamu, akaishia hapo, akaifanya kiunganishi na kuendelea na safari.

Sasa angalieni kipande kingine kifupi katika albamu hiyo hiyo, ule ufunguzi wa okestra ulioipa albamu jina. Huo nao umetungwa na Nishevci, aliyesomea muziki Guildhall, na ufupi wake hauniudhi. Msikilizaji wa taarabu anaelewa mara moja kinachofanyika pale, maana bashrafu tunaijua. Kazi ya bashrafu ni kuwatuliza watu vitini, kuziweka ala sawa, kutangaza maqam, kisha kumpisha mwimbaji. Haina maneno, haimwahidi mtu hadithi, kwa hiyo ikikatika hakuna anayebaki akining'inia. Gjuha ina maneno. Ina mtu anayesema jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa sauti ya chini, ndani ya nyumba, mbele ya mama. Ukishamruhusu mtu wa namna hiyo afungue kinywa, huwezi kumgeuza bashrafu. Kilichofanyika ni sawa na kumkaribisha mgeni sebuleni, akavua viatu, akaketi, kisha ukamwambia safari njema.

Tazameni ufundi wenyewe. Melodi inatajwa, haifanyiwi kazi. Inapewa sauti nyingi mapema mno, kwa hiyo uzito wa kwaya unafika kabla ya mwimbaji mmoja kutufanya tumjue. Ndani ya muda ule mfupi hakuna nafasi ya ubeti wa pili kuujibu wa kwanza, hakuna besi ya kuipa melodi sakafu, hakuna pale ambapo Morris, sauti kuu ya bendi, anampisha mwenzake kwa namna tunayoisikia. Na hilo la mwisho linaniuma kuliko yote. Katika bendi yenye mwimbaji mwenye nguvu kama yule, mpiga kinanda anapochukua maikrofoni ni tukio. Tukio hilo linatakiwa lionekane. Hapa limepita kama mlango uliosahauliwa wazi kati ya vyumba viwili.

Ningelipanga hivi. Nishevci aanze peke yake, sauti moja, kinanda kidogo sana au hata bila kinanda. Mzunguko wa pili besi iingie chini, noti ndefu, isiwe na haraka. Mzunguko wa tatu ndipo wenzake wapande, na sasa kwaya iwe na maana, maana tumemsikia mtu mmoja akihangaika na maneno kisha watu wanne wanakuja kumsaidia kuyabeba. Roberts achukue melodi kwa gitaa, aipige kwa uchache ule ule wa Nothing Matters. Ngoma ziingie mwisho kabisa, ziivute Gjuha hadi mlangoni mwa Sinner. Jumla ni dakika tatu na nusu, nne. Mtiririko usingeharibika, ungeimarika, kwa sababu Sinner ingepokea kitu kilichojaa.

Na nafasi ilikuwepo. Albamu ina dakika 41 hivi. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 unabeba dakika 22 bila sauti kupungua nguvu, kwa hiyo mbili zaidi zisingemsumbua hata fundi wa kukata santuri. Kama walitaka kubaki palepale, wangepunguza On Your Side, ambao unaburuta miguu kuelekea mwisho. Tena tuhesabu. Nyimbo ni 12. Tano zilikuwa zimeshatoka kama singo: Nothing Matters, Sinner, My Lady of Mercy, On Your Side na Caesar on a TV Screen. Zinabaki saba. Ondoa ufunguzi wa okestra na Gjuha, vipande visivyofika dakika mbili. Aliyekuwa akiwafuatilia tangu mwanzo alipata nyimbo kamili mpya tano tu siku albamu ilipotoka. Desturi hii ya kumaliza albamu kwa singo kabla ya siku yake nimeipinga miaka mingi na nitaendelea kuipinga. Gjuha kamili ingekuwa wimbo wa sita, na pengine ndio ambao watu wangeuzungumza zaidi.

Kila anayewachambua hawa humtaja Kate Bush. Wanamtaja kwa sauti ya juu, kwa mavazi, kwa macho yaliyokodolewa. Ningependa wamtaje kwa jambo lililo kubwa zaidi, yaani alivyowapokea waimbaji wa lugha nyingine. Alipovutiwa na Trio Bulgarka, mabibi watatu wenye uimbaji wa Bulgaria wa asili, alisafiri hadi Sofia kufanya nao kazi, kisha akawaweka katika nyimbo tatu za The Sensual World, albamu yake ya 1989. Tatu. Isikilizeni Rocket's Tail. Yeye na mabibi hao wanaanza peke yao, hakuna ala, na wanaachwa hivyo kwa muda mrefu hadi unasahau kwamba kuna bendi inayosubiri studio. Kisha ngoma zinatua na gitaa la David Gilmour linalipuka, na zile sauti haziondoki. Zinasimama mbele ya gitaa na kupambana nalo. Angeweza kuzitumia kama pambo la nusu dakika kati ya nyimbo mbili za Kiingereza, na wahakiki wangesema ni ubunifu. Hakufanya hivyo, kwa sababu alipozisikia alijua kwamba wimbo lazima uzifuate zenyewe.

Jina la pili linalotajwa daima ni Queen, na hapa sisi wa pwani hii tuna neno la kusema. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Mwaka 1978, akiwa Freddie Mercury ambaye dunia nzima ilikuwa ikimwimbia We Are the Champions, aliipeleka bendi yake studio na wimbo unaoitwa Mustapha, wenye maneno ya Kiarabu, ya Kiajemi, ya Kiingereza na mengine ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Anaanza kwa kuita peke yake, kisha bendi nzima inamfuata kwa kasi. Na wimbo huo waliuweka wapi? Mwanzo wa albamu, wa kwanza kabisa katika Jazz. Aliyenunua ile santuri Birmingham au Chicago akaweka sindano alikutana na Mustapha kabla ya kitu kingine chochote. Miaka miwili kabla ya hapo, Brian May alikuwa ameandika viitikio vya Teo Torriatte kwa Kijapani, na Queen wakaupa kazi ya kufunga A Day at the Races. Lugha ngeni ikafungua albamu moja na kufunga nyingine. Ndiyo heshima ninayoizungumzia.

Mji Mkongwe sasa una makumbusho yenye jina la Mercury, na wageni hupiga picha mlangoni. Ningefurahi kila anayetoka pale awe ameisikiliza Mustapha mpaka mwisho. Huku kwetu tunajivunia nyumba yenye jina lake kuliko tunavyojivunia ujasiri ule, na hili nimelisema hadi wengine wamechoka kunisikia.

Kuna hoja inayoutetea ufupi wa Gjuha ambayo naiheshimu. Inasema kwamba mtu asiyeijua lugha vizuri hana maneno mengi, kwa hiyo wimbo wake ni lazima uwe mfupi. Ukatikaji wenyewe ndio aibu inayosimuliwa. Hoja hiyo ina akili na inagusa. Lakini inachanganya maneno na muda. Aliye na maneno machache huyarudia. Anayajaribu tena, anabadili pumzi, anavuta silabi, anatafuta matamshi ya bibi yake. Ngoma zetu ngapi zinakesha kwa mistari miwili? Mustapha wenyewe una maneno machache mno, na Mercury ameyafanyia kazi kwa dakika tatu hadi yakawa ulimwengu mzima. Kigugumizi kinahitaji muda zaidi, hakihitaji pungufu. Kama walitaka tuisikie aibu ile, wangetuacha tukae nayo hadi tusumbuke vitini.

Hoja nyingine inasema msikilizaji wa Uingereza haelewi Kialbania, angeruka wimbo. Hii siiheshimu. Kizazi kizima cha Wakenya na Watanzania kilicheza Kasongo ya Super Mazembe, iliyoimbwa kwa Kilingala, na waliosimama katikati ya dansi kuomba tafsiri hawakuwepo. Isitoshe, kipande kisichofika dakika mbili ndicho kinachorukwa kwanza. Anayepanga orodha za kusikiliza kwenye simu hakichukui, redio haikipigi, anayesikiliza ndani ya gari anadhani ni mwanzo mrefu wa wimbo unaofuata. Kwa kuufupisha waliuzika. London tayari imewatoa Dua Lipa na Rita Ora, wote wawili wenye asili ya Kialbania, na vibao vyao vikubwa ni vya Kiingereza. Nishevci alikuwa ameshika kitu ambacho hata hao hawakukiingiza katika vibao vyao, ndani ya albamu ambayo ilishika namba moja Uingereza wiki yake ya kwanza. Watu walikuwa tayari kuinunua. Wangeinunua hata Gjuha ingekuwa ya dakika nne.

Naandika haya kwa moto kwa sababu nawafikiria vijana wetu wa Leicester, Toronto na Minneapolis. Wanasikia Kiswahili cha bibi kwenye simu, wanakielewa, kisha wanajibu kwa Kiingereza huku wakitazama sakafu. Sijui wimbo mwingine wa pop wa miaka hii uliolitaja jambo hilo waziwazi kama Gjuha. Kijana wa namna hiyo akiukuta ataushika kama wake. Ndiyo maana urefu wake si suala dogo la mapambo.

Nimeshaandika pia kuhusu bendi zisizo na mpiga ngoma wake mwenyewe, na hapa lawama hiyo inarudi. Watano hawa wana sauti, kinanda, besi na magitaa mawili. Anayekaa kwenye ngoma ni mwajiriwa. Bendi ya aina hiyo hupanga nyimbo kutoka juu kushuka chini, sauti na kinanda kwanza, mdundo baadaye. Matokeo yake mara nyingi ni mazuri, na Prelude to Ecstasy ni ushahidi. Ila mpiga ngoma akiwa mwanachama kamili, mwenye kura, kila wimbo unaoletwa chumbani atauliza anaingia wapi. Roger Taylor alikuwa mtu wa namna hiyo katika Queen, tena mwenye sauti ya kuitikia ya juu kuliko wote, na huwezi kuwaza Queen wakikubali wimbo wa mwenzao upite bila yeye kutafuta mahali pa kupiga. Angekuwepo mtu kama huyo chumbani, Gjuha ingepata mzunguko wa tatu kwa sababu tu angekataa kukaa bure.

Kisha ikaja albamu yao ya pili, From the Pyre, tarehe 17 Oktoba 2025, prodyuza akiwa Markus Dravs. Niliisubiri kwa swali moja. Nilifurahi kuona hakuna vipande vya kupitisha muda. Nyimbo 10, zote zimesimama kwa miguu yake. Nilifurahi zaidi kumsikia Nishevci akiongoza I Hold Your Anger kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo linalothibitisha kwamba sauti yake inaweza kubeba wimbo mzima bila kuegemea popote. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo tangu mwanzo, na kilichokosekana mwaka 2024 kilikuwa imani.

Lakini ameuongoza kwa Kiingereza. Kati ya nyimbo zile 10 hakuna hata mmoja wa Kialbania. Melodi ya Gjuha bado ni yao, sauti zipo, gitaa lipo, na hakuna sheria inayokataza bendi kuurudia wimbo wake na kuumaliza. Waurekodi upya, wote watano pamoja na yule wa ngoma, wauachie utembee hadi uishe wenyewe, kisha albamu ya tatu ifunguliwe nao kama Mustapha ilivyoifungua Jazz.